Mizani, Mkazo na Mahadhi: Nyimbo za Krismasi za Kwaya katika Uhakiki wa Ushairi wa Kiswahili

Utangulizi

Kila ufikapo mwezi wa Desemba, kwaya za jamii nchini Kenya huandaa matamasha ya nyimbo za Krismasi. Waimbaji wake ni walimu, wauguzi, makarani, wachuuzi na wanafunzi waliotoka katika madhehebu mbalimbali, na hadhira yao ni jamaa na majirani zao. Kwa wengi katika hadhira hiyo, hasa walio mbali na Pwani, hapa ndipo Kiswahili kilichopangwa kwa beti na vina kinapowafikia kwa wingi zaidi katika mwaka mzima. Diwani hawazinunui, na mashairi ya magazetini si wote wanaoyasoma. Lakini ubeti wa Krismasi wanaujua kwa moyo.

Pamoja na hayo, uhakiki wa fasihi umezipita nyimbo hizi kando. Sababu zake ni mbili, na kila moja ina historia. Mnamo Oktoba 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walipopendekeza kuondolewa kwa Idara ya Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Nairobi, waliiweka fasihi simulizi ya Kiafrika katika kitovu cha mafunzo. Lilikuwa jambo la maana kubwa. Hata hivyo, mtafiti aliyekwenda nyanjani baada ya hapo alitafuta wimbo wa jando, wa mavuno au wa msiba. Wimbo wa kwaya ulionekana kuwa mali ya mmisionari, usiostahili kuhifadhiwa. Kwa upande wa pili, mhakiki wa ushairi wa Kiswahili alikuwa na mizani zake za kupimia, na wimbo wa kanisani ulipopimwa kwazo ulionekana kupwaya. Kwa hiyo wimbo huo ukawa yatima: si simulizi ya kutosha kwa hawa, wala si shairi la kutosha kwa wale.

Makala haya yanadai kwamba wote wawili waliuhukumu utungo bila ya kuusikiliza. Dosari ya nyimbo za Krismasi za Kiswahili ipo, na ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Lakini haiko mahali ilipotafutwa. Tena, kwaya zenyewe, bila ya msaada wa wahakiki, zimekwisha kuvumbua baadhi ya tiba zake.

Vitabu Vinavyoitwa Tenzi

Miongoni mwa vitabu vya nyimbo vinavyotumiwa sana na Waprotestanti wa Kenya na Tanzania kimo kiitwacho Tenzi za Rohoni. Jina lenyewe linastahili kuchunguzwa. Utenzi, kwa mujibu wa kaida za Waswahili, ni utungo wa beti zenye vipande vinne, kila kipande kikiwa na mizani nane. Vipande vitatu vya kwanza hufuata kina kimoja, na cha nne hubeba kina kinachofululiza hadi mwisho wa utungo. Nyingi za nyimbo zilizomo kitabuni humo hazifuati kaida hiyo. Ni tafsiri za nyimbo za Kiingereza na za lugha nyingine za Ulaya, na umbo lake limeamuliwa na mahadhi ya huko. Jina la utenzi limeazimwa kwa ajili ya heshima yake, lakini mwili ulioitwa kwa jina hilo ni mwingine.

Haikosi kushangaza kwamba mambo yalikuwa hivyo, kwani wamisionari hawakukosa walimu. Freretown, makazi ya watumwa walioachiwa huru, yaliasisiwa karibu na Mombasa mwaka 1875, katika mji ambao tungo za Muyaka bin Haji zilikuwa bado vinywani mwa watu. William Taylor, aliyekuwa mmisionari wa CMS mjini humo katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, ndiye aliyezikusanya tungo hizo kwa msaada wa Mwalimu Sikujua, na kazi hiyo ndiyo msingi wa diwani iliyochapishwa na William Hichens mwaka 1940. Ujuzi wa shairi ulikuwapo mlangoni pa kanisa. Lililokosekana ni imani kwamba mahadhi ya Kiswahili yanaweza kubeba habari za Bethlehemu.

Waislamu wa Pwani walikuwa wamekwisha kulitatua tatizo la namna hiyo zamani. Kasida ya Hamziya, iliyotungwa kwa Kiarabu na al-Busiri wa Misri katika karne ya 13 kumsifu Mtume, ilitafsiriwa na Aidarusi bin Athumani kwa Kiswahili cha kale. Mfasiri huyo hakumlazimisha msikilizaji wake aende ugenini. Aliyaleta maneno ya Kiarabu ndani ya bahari iliyokwisha kuzoewa na sikio la Mswahili, yakaweza kughanwa. Hamziya ni tafsiri, na ni ya ibada, na imekubalika kuwa miongoni mwa nguzo za ushairi wa Kiswahili. Basi tafsiri peke yake haiwezi kuwa ndiyo kosa la nyimbo za Krismasi, wala asili ya kigeni ya habari inayosimuliwa.

Mahali Penye Dosari

Mhakiki wa kimapokeo huanza kwa kuhesabu. Akikuta mshororo wa mizani saba ukifuatwa na wa mizani tisa, au kina kilicholingana kwa vokali tu bila ya konsonanti yake, huufunga mjadala. Vipimo hivi ni halali, lakini hupima karatasi. K. Amri Abedi, ambaye sheria zake za mwaka 1954 zimekuwa rejeleo la wanamapokeo, alisisitiza kwamba shairi lisiloimbika halina maana. Na Ibrahim Noor Shariff katika Tungo Zetu (1988) ameeleza kwa kirefu uhusiano wa bahari za Kiswahili na uimbaji wake. Kwa kipimo cha wenyewe, basi, swali la kwanza si idadi ya mizani bali ni namna mizani hizo zinavyokaa katika sauti.

Mfano wa Stille Nacht unatosha. Maneno yake ya Kijerumani yalitungwa na padri Joseph Mohr mwaka 1816. Franz Xaver Gruber, mwalimu na mpiga kinanda, akayatungia mahadhi mwaka 1818, yakaimbwa kwa mara ya kwanza katika mkesha wa Krismasi huko Oberndorf, Austria. Sauti ya kwanza ya mahadhi hayo ni nzito na ndefu, ya pili ni fupi kabisa kama ya mpita njia, ya tatu ni ya wastani, na ya nne ni pumziko. Kijerumani huziunganisha sauti mbili za mwanzo katika silabi moja yenye mkazo, na maneno yakatulia. Sasa neno usiku na liwekwe hapo, kila silabi na sauti yake. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, yaani -si-. Lakini uzito wa mahadhi umeangukia u-, na silabi -si-, ambayo ndiyo roho ya neno, imepata sauti iliyo fupi kuliko zote. Mizani zimetimia bila ya upungufu, na hali neno limepinduliwa.

Adeste fideles, wimbo unaonasibishwa na John Francis Wade wa karne ya 18, hutoa mfano wa kinyume. Mahadhi yake huanza kwa sauti moja nyepesi, kisha pigo zito na refu, kisha sauti ya kushukia. Neno la kwanza la Kilatini lina silabi tatu na mkazo wake uko katikati, sawasawa na usiku. Neno lile lile lililovunjika katika mahadhi ya Gruber lingekaa humu kama kwamba limezaliwa humu. Aidha, kifungu cha kwanza cha mahadhi hayo hukomea kwa silabi nyepesi baada ya nzito, na huo ndio mwisho wa karibu kila neno la Kiswahili.

Hapa ndipo ilipo dosari yenyewe, na si ya mfasiri mmoja. Mishororo mingi ya nyimbo za Kiingereza huishia kwa silabi yenye mkazo, na mtunzi wa mahadhi huiwekea silabi hiyo sauti ndefu ya mwisho. Kiswahili, isipokuwa katika maneno machache ya silabi moja, hakina mwisho wa namna hiyo. Kwa hiyo kila mwisho wa kifungu kwaya hulazimika kuikalia na kuirefusha silabi ambayo msemaji huiachia iende zake. Mfasiri hodari na mfasiri dhaifu wote wawili hukutwa na jambo hilo. Hodari hupunguza maumivu tu.

Yawezekana kupinga kwa kusema kwamba mkazo wa Kiswahili ni nadra kubadili maana, ukiacha jozi chache kama ile maarufu ya barabara, na kwamba hata mghani wa utenzi huupuuza mara kwa mara. Pingamizi hili ni la haki na linahitaji jibu. Kwanza, kazi kubwa ya mkazo wa Kiswahili ni kumwonyesha msikilizaji mipaka ya maneno. Ukihamishwa, maneno humfikia yakiwa yamegandamana, naye huacha kuyafuatilia akabaki na mahadhi. Pili, mghani wa utenzi huwa peke yake. Ana uhuru wa kurefusha hapa na kukatiza pale, na sauti yake haifungwi na pigo lisilobadilika. Kwaya ya sauti nne haina uhuru huo. Soprano, alto, tena na besi zote huliangukia pigo moja kwa wakati mmoja, na silabi iliyokosewa hukosewa mara nne. Kinachosameheka kwa mghani hakifichiki katika kwaya.

Tiba za Waimbaji

Kwaya ya jamii hukabiliwa na jambo ambalo kwaya ya kanisa moja hailijui. Mwadventista huja na maneno ya Nyimbo za Kristo, jirani yake na ya Tenzi za Rohoni, na Mkatoliki na ya kitabu cha parokia yake. Mahadhi ni yale yale lakini maneno yanahitilafiana. Kabla ya mazoezi kwenda mbali, mwalimu wa kwaya hana budi kuamua ni maneno yapi yatakayoandikwa chini ya solfa katika karatasi watakayogawiwa wote. Kazi hiyo ni uhakiki wa matini kwa maana yake kamili: kulinganisha nakala, kupima tofauti, kuchagua na kukataa. Anayeifanya huwa haiandikii makala, lakini sikio lake hufanya kazi ambayo wahakiki wa ushairi wameiacha. Mara nyingi neno linaloshinda ni lile linalokaa vyema mdomoni, hata likitoka katika kitabu kisicho cha wengi.

Tiba ya pili ni ya kiongozi na kiitikio. Mahali ambapo wimbo wa kigeni huimbwa na wote tangu mwanzo hadi mwisho, kwaya nyingi humpa mwimbaji mmoja ubeti, akauimba kwa mwendo wa usemi, na kundi likaitikia kwa kifungu kifupi. Kwa tendo hilo dogo uhuru wa mghani umerudishwa. Kiongozi huikaribisha silabi yenye mkazo kwa kuitangulia au kuichelewesha, na kundi hubaki na maneno machache ambayo mkazo wake umekwisha kuhakikishwa. Wengine wataliita jambo hili pambo la Kiafrika lililotiwa ili kuifurahisha hadhira. Uchunguzi wa mizani na mkazo unaonyesha kwamba ni jibu la kishairi kwa tatizo la kishairi.

Tiba ya tatu ni kutunga upya kabisa. Mtaguso wa Pili wa Vatikani ulipoidhinisha, katika hati yake ya liturujia ya Desemba 1963, matumizi mapana zaidi ya lugha za wenyeji, watunzi wa Kikatoliki wa Afrika Mashariki walipata fursa ya kutunga maneno na mahadhi pamoja. Padri Stephen Mbunga wa Tanzania alikuwa katika mwaka huo huo amechapisha Church Law and Bantu Music, akichunguza nafasi ya muziki wa Kibantu mbele ya sheria za Kanisa. Nyimbo zilizozaliwa kwa njia hiyo hazina ugomvi wa mkazo na mahadhi, kwa kuwa mtunzi huyasikia yote mawili kwa mara moja. Udhaifu wake mara nyingi uko kwingine, yaani katika maneno yenyewe: urudiaji usioongeza kitu, na sifa zisizo na taswira. Kwa kuwa umbo limekuwa jepesi, baadhi ya watunzi wameidhania kazi yote kuwa nyepesi.

Funzo la Kamina

Ulinganisho na Missa Luba unaifafanua hoja hii zaidi. Misa hiyo iliimbwa kwa mara ya kwanza mwaka 1958 huko Kamina, Katanga, na kwaya ya Les Troubadours du Roi Baudouin chini ya Padri Guido Haazen, Mbelgiji. Maneno yake ni ya Kilatini, kama sheria ya wakati huo ilivyotaka, lakini sauti zake zimetoka katika nyimbo za Waluba na majirani zao. Mnamo mwaka 1990 Kwaya ya Taifa ya Muungano ya Kenya, chini ya Boniface Mganga, iliirekodi upya. Na Gloria yake, ambayo maneno yake huanza kwa sifa za malaika wa Bethlehemu katika Injili ya Luka, inaafiki kabisa tamasha la Krismasi.

Hapa mambo yamegeuzwa. Wimbo wa Krismasi uliotafsiriwa una maneno ya nyumbani na mahadhi ya ugenini. Missa Luba ina maneno ya ugenini na mahadhi ya nyumbani. Kama maana ya wimbo ingekuwa katika maneno peke yake, basi hadhira ya Kiafrika ingeguswa na ule wa kwanza zaidi kuliko wa pili. Lakini Kyrie ya misa hiyo imejengwa juu ya kasala, mtindo wa maombolezo wa Waluba. Anayeomba rehema anaomba kwa sauti ambayo kwao ni ya kulilia wafu, na hata asiyejua neno moja la Kilatini hawezi kudhani kwamba anayeimba anashangilia. Mahadhi yamekuwa sehemu ya maana. Wafasiri wa nyimbo za Krismasi waliyachukulia mahadhi kuwa chombo cha kubebea maneno tu, na ndiyo maana hawakuona hasara ya kuchukua chombo chochote kilichokuwa karibu.

Tamasha kama Utungo Mmoja

Mbali na wimbo mmoja mmoja, tamasha lenyewe lina umbo linalohitaji kuhakikiwa. Mpangilio wa masomo tisa na nyimbo, unaofuatwa na Waanglikana wengi, uliandaliwa na Askofu Edward Benson huko Truro, Uingereza, mwaka 1880, kisha ukaanzishwa katika King's College, Cambridge, na Eric Milner-White mwaka 1918. Nguvu yake ni muwala: kutoka anguko la Adamu, kupitia ahadi za manabii, hadi kuzaliwa kwa mtoto. Msomaji wa tenzi hana ugeni na umbo hili. Ni utungo mrefu wenye mwanzo wa unyonge, safari, na utimizo, ambamo kila wimbo ni kituo.

Kwaya za jamii, kwa kuwa hazitaki kuonekana za dhehebu moja, aghalabu huyaondoa masomo na kubakiza nyimbo. Sababu yake inaeleweka, lakini matokeo yake kifasihi ni kwamba kisa hupotea na tamasha huwa orodha. Dalili mojawapo ni desturi ya kuhitimisha kwa Haleluya ya Handel. Messiah ilitolewa kwa mara ya kwanza mjini Dublin tarehe 13 Aprili 1742, na Haleluya hufunga sehemu yake ya pili, ambayo habari zake ni mateso, ufufuo na utawala wa Masihi, si kuzaliwa kwake. Wimbo huo hufaa kufunga kwa kishindo chake, lakini mahali ambapo hakuna kisa kilichotangulia, kishindo hufunga kitu ambacho hakikufunguliwa.

Tena kisa chenyewe kina sehemu ambayo nyimbo nyingi mashuhuri za Ulaya huigusa kidogo, na ambayo kwa hadhira ya Kenya ndiyo iliyo hai. Nyimbo hizo hukaa sana juu ya usiku, baridi na zizi. Desemba ya Kenya haina theluji ya kuimbiwa. Hata neno hori, linalotumiwa kwa chombo alimolazwa mtoto, kwa mtu wa Pwani huweza kumkumbusha mkono wa bahari kabla ya lishe ya ng'ombe. Lakini Luka anasimulia kwanza safari: mtu anayeuacha mji anakoishi na kurudi kwa wazee wake pamoja na mchumba mjamzito kwa kuwa serikali imeagiza kila mtu aandikishwe kwao, na afikapo anakosa mahali pa kulala. Familia zinazojaza mabasi kila Desemba kurejea mashambani zinaijua safari hiyo bila ya kufafanuliwa. Mtunzi wa Kiswahili anayetafuta taswira iliyo yake ameachiwa hapa shamba ambalo halijalimwa vya kutosha.

Hitimisho

Uchunguzi huu umeonyesha kwamba nyimbo za Krismasi za Kiswahili zimehukumiwa kwa makosa yasiyo yake na kusamehewa makosa yaliyo yake. Mizani na vina vilivyopungua ni dosari ndogo. Ugomvi wa mkazo na mahadhi ndio mkubwa, na hauonekani na anayesoma bila ya kusikiliza. Mfano wa Hamziya unaonyesha kwamba tafsiri ya ibada inaweza kuwa ushairi wa daraja ya juu, na ule wa Kamina unaonyesha kwamba mahadhi ni maana.

Yafuatayo yanapendekezwa. Mwanafunzi wa uzamili anayetafuta uwanja wa utafiti na alinganishe tafsiri mbalimbali za wimbo mmoja jinsi zinavyoimbwa, si jinsi zinavyochapishwa. Kozi za ushairi na zifundishe kusoma solfa angalau kwa kiasi cha kuona silabi ipi imekalia pigo lipi. Na tamasha la Krismasi lihudhuriwe na wahakiki kwa kalamu mkononi, kama wahudhuriavyo michezo ya kuigiza. Waimbaji hawajasubiri ruhusa ya mtu kuurekebisha ushairi wanaoimba. Kazi iliyobaki kwa uhakiki ni kuyasikia marekebisho hayo, kuyapa majina, na kuyapeleka kwa mtunzi atakayekuja.